Paspoti ya haraka ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili kwa mwenye safari ya dharura

Simu ya namna hii hulia usiku. Mgonjwa kapata rufaa ya India, siku ya kupokewa ni wiki mbili zijazo, na ndugu aliyechaguliwa kumsindikiza hajawahi kushika paspoti maishani mwake. Au ni kijana wa Wete aliyengojea nafasi ya masomo mwaka mzima, leo imekuja, na chuo kinataka namba ya paspoti kabla ya Ijumaa. Ikifika saa moja na nusu asubuhi wapo mlangoni kwangu.

Nina stesheneri Chake Chake: kompyuta mbili, printa, mashine ya kutolea vivuli, na benchi nje kwa wanaosubiri. Mimi si ofisa wa Uhamiaji wala sina jamaa huko, ila fomu nilizowajazia watu zimetosha kunionesha zinapokwama. Swali la kwanza ninaloulizwa siku zote ni "Unamjua mtu pale ndani?" Na mimi hujibu kwa swali jengine: "Cheti cha kuzaliwa cha mama yako unacho?"

Kinachochelewesha paspoti mara nyingi ni herufi moja iliyozidi kwenye jina la babu, au karatasi ya mzazi iliyoko kwa kaka mkubwa ambaye simu yake haipatikani. Karatasi zikisema jina moja na tarehe moja, ofisa hana la kukuuliza. Zikigombana, hata ukiwa na mjomba pale ndani, atakwambia kazitengeneze kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya nyumbani, kabla hujapanda daladala.

Kwanza angalia kama paspoti mpya ndiyo unayoihitaji

Fungua kabati. Zaidi ya mara moja nimejaziwa benchi na watu wanaohaha na fomu, kumbe mwenyewe ana paspoti hai ndani ya mkoba wa harusi wa mkewe. Paspoti ya kielektroniki, ile yenye chipu, ilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018 na inadumu miaka 10. Zile za zamani zilikoma kutumika mwisho wa Januari 2020. Ukikuta ya zamani usiitupe: haikuvushi popote, lakini inaonesha kwamba uliwahi kupewa, nayo utaambatanisha na maombi yako mapya.

Ukikuta iliyo hai, isome vizuri. Nchi nyingi tunazokwenda sisi, India ikiwamo, hutaka paspoti iwe na angalau miezi 6 mbele, na India hutaka pia kurasa mbili tupu za kugongea mihuri. Hivyo mtu aliyepata paspoti yake mapema mwaka 2018 asijihesabie hadi 2028. Kwa safari za namna hiyo, yake inaisha nguvu katikati ya 2027. Hili linawakuta watu uwanjani, tiketi mkononi.

Kisha uliza: safari ni ya wapi? Ikiwa ni Mombasa au Nairobi, kuna hati ya dharura ya safari, inayotolewa na Uhamiaji hao hao. Ni nyepesi kuliko paspoti kwa karatasi na kwa fedha. Si kila nchi inaipokea, basi taja unakokwenda kabla hujalipa chochote. Ndoto ya kuvuka kwa Kitambulisho cha Taifa iweke kando. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho tangu 2014, lakini sisi hatumo katika mpango ule. ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ndiyo kabisa, kazi yake inaishia Dar es Salaam.

Usiku wa kwanza: mwaga karatasi zote mezani

Usisubiri asubuhi. Usiku ule ule simu ilipolia, toa kila kilichoandikwa jina lako: Kitambulisho cha Taifa au namba yake, ZanID, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, na cheti cha kuzaliwa cha baba au mama. Watu huuliza karatasi ya mzazi inahusu nini ilhali msafiri ni mtu mzima mwenye ndevu. Inahusu uraia. Kwa namna Uhamiaji wanavyoitumia Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kuzaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano peke yake hakutoshi kukufanya raia ikiwa wazazi wako wote wawili si raia. Ofisa anatafuta mnyororo: wewe, mzazi wako, na ardhi hii.

Sasa chukua ukurasa wa daftari, uchore safu. Katika kila mstari andika jina kamili kama lilivyo kwenye karatasi moja, herufi kwa herufi, bila ya kusahihisha kichwani. Usiandike unavyojijua, andika unavyoona. Hapa ndipo visa vinapoanza. Kwenye cheti ni Fatma, kwenye kitambulisho ni Fatuma. Baba ni Khamis huku na Hamisi kule. Babu ni Othman kwenye karatasi ya Pemba na Athumani kwenye karatasi iliyoandikwa bara. Mohamed ana 'm' moja katikati skuli na mbili NIDA, yaani kwa mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Kuna Ali na Ally, Saleh na Swalehe. Kwa masikio yetu ni jina lile lile, lakini kompyuta haina masikio.

Baada ya majina njoo kwenye tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba inayoanza na 19870412 inasema umezaliwa tarehe 12 Aprili 1987. Linganisha na cheti. Kwa vijana huwa sawa. Kwa waliozaliwa nyumbani kwa mkunga, wakaandikishwa baada ya miaka, mara nyingi hazikubaliani, na wengi hawajawahi kuliona hilo hadi siku wananiletea mimi.

Nikiri na la kwangu. Dada yangu alipotaka paspoti nilimjazia mwenyewe, usiku, nimechoka, na tarehe yake nikaitoa kichwani kwa sababu ni dada yangu, nitaikosaje? Nikaandika mwezi mahala pa siku na siku mahala pa mwezi. Tulikuja kugundua dirishani. Hakunisema mbele za watu, lakini hadi leo akinipa karatasi nimsomee, huniuliza kwanza kama nimelala vizuri. Tangu siku ile sijazi tarehe ya mtu ila kidole changu cha kushoto kiko juu ya cheti.

Karatasi zikigombana

Kuna njia mbili, na haraka yako inategemea umechagua ipi.

Ya kwanza ni hati ya kiapo. Unakwenda mahakamani au kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, unaapa kwamba Fatma Khamis Othman na Fatuma Hamisi Athumani ni mtu mmoja, ndiye wewe. Hii hupatikana hata kwa siku moja, na inafaa kwa tofauti za tahajia. Kabla hujatoa fedha, pita dirisha la Uhamiaji na safu zako za daftari, uulize: kwa tofauti hii, kiapo kinatosha? Swali hilo la dakika tano limewaokolea watu wiki nzima.

Ya pili ni kusahihisha karatasi yenyewe. Cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar kinasahihishwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ambao pia ndio wa ZanID. Namba ya NIDA inasahihishwa na NIDA. Njia hii ni ya lazima ikiwa kosa ni kubwa, mfano mwaka wa kuzaliwa kupishana au jina la baba kuwa mtu mwengine kabisa. Inakula siku. Ukilazimika kuipita, anza na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu karatasi nyengine zote hukifuata hicho.

Mwanafunzi na amuangalie mtu wa tatu katika ugomvi huu, vyeti vya skuli. Paspoti ikitoka na jina lisilofanana na cheti cha kidato cha sita, Uhamiaji watakuwa wamemaliza kazi yao, lakini chuo cha nje kitaanza ya kwao. Kwa upande huu wanawake wa kwetu wana bahati: wengi hawabadilishi jina wakiolewa, na hilo peke yake linawapunguzia nusu ya tabu.

Mzazi asipokuwa na cheti? Wazee wengi wa Micheweni na Makunduchi hawana, na wengine walishatangulia mbele ya haki. Hapo hutumika kiapo cha kuzaliwa kwa mzazi, kinachoapwa na mzazi mwenyewe au na mkubwa wa ukoo anayemjua tangu utotoni, ami au shangazi, pamoja na kivuli cha kitambulisho cha muapaji. Mzazi akiwa amefariki, chukua na cheti cha kifo. Mkubwa huyo mpigie simu usiku ule ule. Kama yuko shamba, asubuhi mtu amfuate, kwa sababu ndiye atakayekuchelewesha kuliko ofisa yeyote.

Asubuhi ya kwanza: sheha, ushahidi, picha

Nenda kwa sheha mapema kabla hajatoka kwenda kwenye mikutano yake. Unataka barua ya utambulisho inayosema wewe ni mkaazi wa shehia yake, yenye jina kama lilivyo kwenye cheti na muhuri unaosomeka. Mpe kivuli cha cheti aandikie hapo. Usimtajie jina kwa mdomo. Barua nyingi zimerudishwa kwa sababu sheha aliandika jina analolijua yeye, na masheha wanatujua kwa majina ya mtaani.

Wapemba wanaoishi Unguja hupata mtihani hapa. ZanID inasema Konde, mwenyewe anakaa Mwanakwerekwe mwaka wa sita, na sheha wa Mwanakwerekwe hamjui. Barua itoke unakoishi. Kama hujawahi kujitambulisha kwa sheha wako wa sasa, chukua mwenye nyumba wako mwende pamoja.

Kisha ushahidi wa dharura. Kwa mgonjwa ni barua ya rufaa ya daktari pamoja na barua ya spitali ya huko inayotaja jina la mgonjwa na tarehe ya kupokewa. Msindikizaji awe ametajwa kwa jina. Ikiwa hakutajwa, omba spitali iandike upya, wengi hufanya hivyo siku hiyo hiyo kwa barua pepe. Mwanafunzi ana barua ya kukubaliwa chuoni, mfanyakazi ana barua ya mwajiri na mwaliko. Aliyefiwa nje atafute cheti cha kifo au barua ya spitali. Mtu mmoja aliniletea sauti ya WhatsApp, shangazi yake wa Muscat akilia. Nilimuonea huruma kwelikweli, lakini sauti haiambatanishwi kwenye jalada.

Picha zina mtego wake. Uhamiaji hutaka picha yenye bluu hafifu nyuma. Visa ya India ya mtandaoni hutaka nyeupe, na iwe mraba. Piga zote mbili kikao kimoja, uokoe safari ya pili kwa mpiga picha. Wanaovaa nikabu, uso wote utatakiwa uonekane, kwenye picha na mbele ya kamera ya afisi. Omba ofisa wa kike mapema, kabla hujaitwa.

Barua yenyewe

Watu huandika kurasa mbili za historia ya ugonjwa. Ofisa ana majalada mezani, na anachotafuta ni nani, wapi, lini na kwa nini. Hii ndiyo ninayowachapia wateja, badilisha yaliyo yako:

*Kamishna wa Uhamiaji,*
*Zanzibar.*

*YAH: MAOMBI YA PASPOTI KWA SAFARI YA MATIBABU*

*Mimi ni (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti), mwenye namba ya NIDA (…), mkaazi wa shehia ya (…), Wilaya ya Chake Chake. Naomba kupatiwa paspoti ili nimsindikize mama yangu mzazi, (jina), aliyepewa rufaa ya matibabu nchini India. Spitali inayompokea imempangia tarehe (…), kama inavyoonekana kwenye barua iliyoambatanishwa. Mimi ndiye msindikizaji niliyetajwa katika barua hiyo.*

*Kwa kuwa visa huombwa baada ya paspoti kupatikana, naomba maombi yangu yaangaliwe mapema kadiri itakavyowezekana.*

*Viambatanisho: (vihesabu, uvitaje kimoja kimoja).*

Sentensi ya visa ndiyo yenye uzito. Tarehe ya safari peke yake humfanya ofisa adhani una wiki mbili. Ukimuonesha kwamba ndani ya hizo wiki mbili kuna visa, ataona una siku nne.

Fomu na malipo

Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Ukianza, mfumo unakupa namba ya ombi; iandike kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu, kwa sababu ndiyo itakayokurudisha kwenye fomu yako umeme ukikatika katikati. Na hapa kwetu utakatika. Picha na vyeti viwe vimeskaniwa tayari kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, vinavyosomeka, visipinde. Simu ya mkononi inafaa kwa kupigia picha ya harusi. Cheti kipeleke kwenye skana.

Jaza kwa majina matatu katika mpangilio wa cheti: lako, la baba, la babu. Soma yote kwa sauti na mtu wa pili akifuata kwenye cheti kwa kidole, kama tulivyokuwa tukisomeshana chuo cha Kurani. Baada ya kutuma, kila kosa linakuwa safari ya afisini.

Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au kwa simu. Paspoti ya kielektroniki ilipoanza 2018 ada ya paspoti ya kawaida iliwekwa shilingi 150,000, ambapo 20,000 ni ya fomu na 130,000 ni ya kitabu chenyewe. Kiasi unachotakiwa kulipa utakiona kwenye bili yenye namba hiyo, ukakilipa hicho hicho. Wenye haraka huchelewa hapa bila ya kujua: wamelipa ya fomu, wamekaa wanasubiri kitabu, kumbe sehemu ya pili bado. Fedha yote uiweke pembeni tangu siku ya kwanza, ukipewa namba ulipe ukiwa bado umesimama pale pale.

Vishoka

Siku moja utasimama nje ya afisi, kijana nadhifu atakuita "kaka" au "mama", atakwambia kwa laki mbili juu unaipata kesho. Malipo halali yote yanapita kwenye namba ya malipo na yana risiti. Anayetaka fedha mkononi anauza foleni isiyo yake. Baya zaidi, vishoka hupenda "kutengeneza" vyeti, na taarifa ya uongo katika maombi ni kosa chini ya Sheria ya Paspoti na Nyaraka za Safari ya mwaka 2002. Jalada likishatiwa shaka, dharura yako imekufa hapo. Ukitaka kuharakishwa, njia ipo na ni ya bure: ingia ndani, omba kumuona msimamizi wa kitengo, mpe barua na ushahidi wako, ongea kwa adabu na kwa ufupi.

Siku ya vidole

Paspoti ya kielektroniki haichukuliwi na wakala. Lazima ufike mwenyewe kwa picha, sahihi na alama za vidole. Mgonjwa mahututi ni suala la kuzungumza na afisi mapema, ndugu wakiwa na barua ya daktari mkononi.

Sasa nitazame mikono ya watu wetu. Mwaka jana mama mmoja wa mwani kutoka pwani ya mashariki alikaa kwenye benchi langu, akanigeuzia viganja nivione: ncha za vidole zilikuwa laini kama kauri iliyosuguliwa na bahari, mistari yote imekwenda na chumvi na kamba. Mashine ilimkataa mara kadhaa. Wachumaji wa karafuu nao, msimu ukishika, ngozi inakauka na kuchanika kwa kuvunjavunja vikonyo. Mafundi wa saruji ndio usiseme. Dawa ni ndogo ila inataka siku chache: pumzisha mikono tangu usiku ule wa simu, paka mafuta ya nazi kila unapolala, na asubuhi ya kwenda afisini uoshe kwa sabuni ukaushe vizuri, usiingie na mafuta. Kidole kikavu sana kikikataa, kipulizie pumzi ya moto.

Na hina. Bibi harusi anayetaka kumfuata mumewe Dubai wiki ijayo aambiwe mapema: ncha za vidole ziachwe tupu, zisitiwe hina wala piko, hadi apige alama. Maua ya mkononi hayana tabu, ncha tu.

Vaa nguo ya rangi inayojitenga na ukuta, chukua nakala asili zote pamoja na vivuli viwili viwili, na ufike saa ya kufungua. Ijumaa ihesabu kuwa nusu siku. Ramadhani hali kadhalika. Na usipange chochote kuangukia 12 Januari wala 26 Aprili, nimeona watu wamesahau kwamba afisi nazo husherehekea.

Ukiwa Pemba

Sisi wa huku tuna bahari ya kuongeza kwenye hesabu. Afisi za Uhamiaji zipo katika mikoa yetu miwili, na makao makuu ya Zanzibar yako Kilimani, Unguja. Siku unayowasilisha, uliza mambo mawili bila ya kuona haya: jalada langu linamalizwa hapa au linavuka? Na likivuka, mimi nikiwa Unguja naweza kulifuata huko? Jibu ndilo litakalokwambia ubaki au upande boti ya Mkoani.

Ushauri wangu kwa mwenye chini ya wiki mbili ni huu: tengeneza karatasi zako zote Pemba, kwa sheha wako, mahakama yako na wazee wako, kisha uvuke ukiwa kamili. Anayevuka na karatasi pungufu anakuja kuniomba kwa simu nimtafutie cheti cha mama yake chini ya godoro. Ndege ya Chake Chake hadi Unguja ni kama nusu saa, lakini haimsaidii aliyesahau kiapo nyumbani.

Watoto, na waliopoteza

Mtoto ana paspoti yake, hasafirii ya mama. Maombi yake hutaka cheti chake cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na ridhaa yao. Wazazi wakiwa wameachana, anzeni na hilo la ridhaa kabla ya yote. Ni mazungumzo magumu, na yakisubiri siku ya mwisho huwa magumu zaidi.

Aliyepoteza paspoti aripoti polisi siku hiyo hiyo achukue ripoti, kisha ndiyo aende Uhamiaji. Jitayarishe kwa maswali, kwa sababu kitabu kilichopotea ni kitabu ambacho mwengine anaweza kukitumia. Kivuli cha ukurasa wa mbele wa ile iliyopotea hupunguza nusu ya maswali hayo.

Wakati unasubiri

Usikae. Kama nchi unayokwenda huuliza kadi ya homa ya manjano, chanjo iende mwanzo wa orodha: cheti chake huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, na hakuna barua ya dharura inayozifupisha siku hizo. Uliyechanjwa zamani tafuta kadi yako, tangu Julai 2016 inakubalika kwa maisha yote.

Visa ya India ya matibabu huombwa mtandaoni, na wasindikizaji wanaoruhusiwa kwa mgonjwa mmoja ni wawili. Fomu yake inaweza kusomwa na kutayarishwa kwenye daftari kabla paspoti haijatoka, ikibakia kujaza namba tu. Nchi zinazotaka ufike ubalozini zitakupeleka Dar es Salaam, basi boti na malazi viwe katika bajeti. Tiketi shika nafasi, usilipe ile isiyorudishwa. Wakala akitaka kuandika jina kabla ya paspoti, mpe kivuli cha cheti, asije akakuandika kama sheha.

Ukiitwa kuichukua, usiondoke dirishani na kitabu mfukoni. Kifungue hapo hapo, usome jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mahali ulipozaliwa, na tarehe ya kumalizika. Ukikuta kosa, liseme ukiwa bado unamtazama ofisa machoni. Ukiridhika, pita duka lolote la karibu utoe vivuli viwili vya ukurasa wa picha, kimoja ukitume kwa anayekuombea visa, na kimoja umpe mtu wa nyumbani asiyepoteza vitu. Kila familia ina mmoja.